Kitabu cha Saizi Yako: Mwongozo kwa Anayetaka Kunoa Kimombo

Umeamua. Hongera. Pengine umetoka kwenye usaili ambako uliombwa ujieleze kwa dakika mbili, ukamaliza yote uliyokuwa nayo ndani ya sekunde kumi na moja. Pengine mwanao wa darasa la pili, yule unayemlipia shule ya Kiingereza kwa mkopo wa kikoba, alikuletea zoezi la nyumbani akakukuta unatafuta miwani ambayo hujawahi kuwa nayo. Mtu akakwambia dawa ni kusoma vitabu, tena vitabu vya kiwango chako. Amesema kweli tupu. Tatizo ni kwamba mjini hapa hakuna anayeonekana na kitabu cha kiwango chake, na wewe si wa kuanza. Fuata hatua hizi.

Kwanza, kipe jina zuri unachokwenda kufanya. Usiseme unajifunza Kiingereza. Wewe ulimaliza kidato cha nne, na tangu kidato cha kwanza ulifundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Mtu wa namna hiyo hajifunzi, anajikumbusha. Sema, "Najinoa kidogo." Hilo "kidogo" lisikose, ndilo linalobeba heshima yako yote. Ukiteleza ukasema unajifunza, utaulizwa ile miaka minne ulikuwa unafanya nini, na jibu litatakiwa kwa Kiingereza.

Pili, jipime. Fungua kitabu katikati, soma ukurasa mmoja, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kimekuzidi. Wataalamu wana mizani kali zaidi. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation waliwapa wasomaji hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalikuwa yameng'olewa, mahali pake pakawekwa maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, kisha wakaulizwa maswali. Katika kundi lililobakiziwa maneno 80 ya kweli kwa kila 100, hakuna hata mmoja aliyeielewa hadithi vya kutosha. Watafiti wakahitimisha kwamba anayetaka kusoma bila kushikwa mkono anahitaji kuyajua kama maneno 98 katika kila 100. Wageni wawili tu, basi. Sasa kichukue kile kitabu kinene ulicholaza juu ya runinga, usome sentensi ya kwanza. Wageni wawili wameshapiga hodi kabla ya nukta, na nyuma yao kuna harusi nzima.

Usijilaumu. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima jambo hilihili katika shule za Tanzania, wakaripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo waliyokuwa wanafundishwa. Ripoti yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tulichelewa kidogo kupata habari zetu. Jipime ukiwa peke yako chumbani. Ukikunja vidole mbele ya watu watadhani unahesabu unaowadai, na wengine wataondoka.

Tatu, nenda kanunue. Shuka Posta, watafute wauzaji wanaopanga vitabu chini kandokando ya barabara, inama. Hapa lazima niseme jambo linalonisumbua siku nyingi. Kwenye viatu vya mtumba watu wetu wana akili nyingi mno: unavua, unajaribu, unatembea hatua tatu, unabonyeza kidole gumba mbele, unamrudishia mwenyewe. Hujawahi kununua namba 45 kwa sababu daktari wa mtaani kwenu anavaa 45. Kwenye vitabu akili hiyo unaiacha nyumbani. Unanunua alichosoma meneja, au alichotaja mhubiri, au kile chenye picha ya mzungu amekunja mikono akiwa tajiri. Huchungulii ndani hata ukurasa mmoja, maana kuchungulia ni kama kukiri kwamba huenda usielewe, na muuzaji anakutazama.

Muuzaji naye ni mwerevu. Akishakusoma, atakupa James Hadley Chase. "Hiki chepesi, bosi." Ni kweli kina mwendo mkali na risasi za kutosha. Lakini jua unachokwenda kujifunza. Chase jina lake halisi ni René Raymond, mwenyeji wa London, aliyeanza mwaka 1939 kuandika visa vya majambazi wa Marekani akiwa kwao Uingereza, akisaidiwa na ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Yaani mwandishi mwenyewe alikuwa na kamusi mkononi kama wewe. Kiingereza chake kitakufaa siku utakapokodiwa na genge la wahuni wa Chicago. Usikijaribu kwa afisa mikopo wa benki.

Nne, na hapa ndipo penye dawa yenyewe, tafuta vitabu vyembamba vyenye namba ya ngazi mgongoni. Habari zake ni ndefu. Katika miaka ya 1920 Michael West, Mwingereza aliyekuwa mtu wa elimu huko Bengal, aliona watoto wanakwama kwenye vitabu vya kusomea kwa sababu kila ukurasa una maneno adimu yanayotokea mara moja na kupotea moja kwa moja, kama fundi aliyelipwa kabla ya kazi. Akaanza kuziandika hadithi upya kwa maneno machache yanayorudi tena na tena mpaka yazoeleke. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno yapata 2,000 yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Vitabu vya leo vya ngazi ni wajukuu wa kazi hiyo: katika mfululizo wa Oxford Bookworms, ngazi ya kwanza hutumia maneno ya msingi 400 tu, na ya sita 2,500. Riwaya ambayo haijarahisishwa hudai kama 8,000 au 9,000. Zipige hesabu hizo taratibu, halafu kikumbuke tena kile kitabu cha juu ya runinga.

Hata sisi tunavyo vyetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulileta vitabu vyepesi kwa wingi katika sekondari zetu. Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vyote vya Richard Mabala, vimesomwa na vizazi kadhaa. Kila aliyepita sekondari huvitaja kwa mapenzi makubwa. Ukimuuliza habari za Hawa, atakwambia alikuwa dereva wa basi. Ukimuuliza za Mabala, atafikiri kidogo, kisha atakwambia alikuwa mkulima. Shuleni kwetu vitabu vya namna hiyo vilitunzwa vizuri sana: vilifungiwa kabatini visichakae, vikatoka siku ya mkaguzi, vikarudi siku ya mkaguzi jioni, havijachakaa.

Basi kinunue chembamba. Lakini ijue sheria ambayo haikuandikwa popote na inafuatwa na wote: mtu mzima haonekani na kitabu chenye picha. Anaweza kuonekana na kitabu asichokielewa kwa miaka sita, hiyo ni heshima. Anaweza kukibeba kwapani kikapauka kwa jasho, huyo ni msomi. Akionekana anageuza kurasa haraka na kutabasamu, ana matatizo. Kwa hiyo kivishe jalada la gazeti, kama tulivyovisha madaftari. Chagua kurasa za uchumi. Usitumie za michezo, kwa sababu jirani atakiinua kitabu ili asome habari za usajili, na ndani atakutana na picha ya sungura.

Tano, kamusi. Kaa nayo mbali. Najua unayo ile ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka kwanza mwaka 1996, tena umeandika jina lako sehemu tatu ili isiibwe. Kitabu cha saizi yako hakikupeleki kwenye kamusi kila mstari. Neno geni unaliruka, likirudi mara ya tatu linajieleza lenyewe. Hutafanya hivyo. Utachukua penseli, utaandika Kiswahili juu ya kila neno, na kufikia ukurasa wa nne utakuwa hujasoma Kiingereza hata kidogo, umetafsiri. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, lakini yeye alikuwa ameshamaliza chuo Edinburgh na lugha yenyewe alikuwa nayo mfukoni. Halafu utafungua daftari la msamiati, kurasa mbili mbili kwa kila herufi. Madaftari hayo nimeyaona mengi, langu likiwemo. Yote yana herufi A iliyojaa kwa mwandiko mzuri na wino wa rangi mbili, B iliyoanza kuchoka, na kuanzia C ni namba za simu na hesabu za mchele.

Sita, mahali pa kusomea. Watu watakushauri daladala. Ukipata kiti, sawa. Msomaji aliyesimama hugeuza ukurasa kwa meno. Fahamu pia kwamba kitabu kilichofunguliwa ndani ya daladala ni mali ya siti nzima. Kijana wa kulia atakumalizia sentensi kabla yako. Mama wa kushoto atakuuliza, "Mwanangu, mbona toka Ubungo uko ukurasa huohuo?" Mjibu kwa unyenyekevu kwamba unatafakari. Usijaribu kugeuza ukurasa ili kumridhisha, kwa kuwa atakuuliza ule uliopita ulisemaje.

Saba ni fupi. Neno ulilolipata kwenye karatasi pekee halina sauti. Sisi tumelelewa na herufi za kweli: kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Kiingereza kina herufi zilizokuja kukaa tu. Hujui mpaka siku unasema mbele ya kikao "kinaifu" kwa knife na "islandi" kwa island, kikao kinanyamaza kwa adabu, na mwenyekiti anaomba radhi kwa niaba ya kipaza sauti. Kabla ya kulitoa neno hadharani, msikie mtu mwingine akilitoa kwanza, ikiwezekana asiwe aliyesoma kitabu hichohicho.

Nane, kiasi. Wataalamu wa vitabu vya ngazi hushauri kama kitabu kimoja kwa wiki, maana neno lisiporudi mapema husahauliwa. Kitabu kimoja chembamba, kurasa 60 au 80, kila wiki, ukimaliza ngazi unapanda. Ni kazi nyepesi kuliko mazoezi ya asubuhi uliyoyaacha Januari. Kwa mtu anayejifunza inawezekana kabisa. Kwa mtu anayejinoa kidogo, ratiba ni hii: wiki ya kwanza unakivisha jalada, ya pili kuna msiba, ya tatu umeme, ya nne unakiazimisha kwa shemeji, na shemeji ni mtu wa Mbeya.

Ndipo jioni moja, ukimsaidia mtoto kupanga mkoba, utakiona. Chembamba, namba mgongoni, picha kila baada ya kurasa mbili. Utafungua katikati, utaanza kukunja vidole kwa mazoea, utafika chini ya ukurasa umekunja kimoja. Utageuza. Utageuza tena. Kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza utataka kujua kilichotokea baadaye, na itakuwa ni juu ya mbuzi aliyepotea.

Subiri walale. Kaa jikoni, tumia tochi ya simu. Usikunje kona ya ukurasa wala usiandike kwa penseli, mtoto hukagua vitu vyake. Akiamka kunywa maji akakukuta, mwambie unaangalia kama mwalimu amesahihisha vizuri. Atakaa karibu yako, atakusikiliza ukisoma kwa sauti ya chini, na atakurekebisha mara mbili bila kucheka. Kubali. Kisha rudisha kitabu mkobani kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande ule ule ulikokitoa. Basi la shule halisubiri, na kesho ana jaribio la sura ya tatu. Wewe uko ya pili.