Utangulizi wa Elimumruko: Trampolini, Kasri la Upepo na Hatima ya Uani

Mwanafunzi wangu, kaa vizuri, toa kalamu, zima simu. Somo tunaloliingia leo limepuuzwa na wanafalsafa kwa karne nyingi, ingawa Aristotle tunaweza kumsamehe, kwa kuwa enzi zake trampolini ilikuwa bado haijaundwa. Swali ni hili: mzazi mwenye nafasi nyuma ya nyumba aweke trampolini, au aweke kasri la upepo? Mtu wa kawaida hudhani hili ni suala la bei. Mtu wa kawaida ndiye aliyetufikisha hapa tulipo.

Taaluma inayolishughulikia swali hili naiita Elimumruko. Ina matawi mawili makuu. La kwanza ni Urukaji, yaani hali ya kiumbe kupanda hewani kwa nguvu na hiari yake mwenyewe. La pili ni Urukishwaji, yaani hali ya kiumbe kupandishwa hewani na kiumbe kingine kilichotua karibu naye bila kumpa taarifa. Lipo na tawi la tatu, Urukianaji, ambapo vichwa viwili hukutana angani. Tawi hilo halina nadharia, lina barafu na kitambaa tu. Zishike tofauti hizi. Ukizisahau, usiendelee mbele, rudi mwanzo.

Fasili ya Kwanza. Trampolini ni duara la chuma lenye miguu, lililowambwa kitambaa kigumu cheusi kwa springi ambazo katika zile kubwa hukaribia mia. Siri yake yote imo katika kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678, kwamba kadiri springi inavyovutwa ndivyo inavyovuta. Tafakari jambo hili. Hooke aliandika hayo miaka 256 kabla ya chombo chenyewe kuwepo. Sayansi ilikuwa imekwisha kufika na kukaa mkekani, ikimsubiri mtoto wako avue viatu.

Chombo kilikuja mwaka 1934 huko Iowa, Marekani, mikononi mwa George Nissen, mwanasarakasi wa chuo, na mwalimu wake Larry Griswold. Nissen alikuwa amewaona wanasarakasi wa bembea za juu wakimaliza mchezo kwa kujiangusha wavuni, wavu ukawarudisha juu, akajiuliza kwa nini raha hiyo iishie hapo. Baadaye, katika kukitangaza chombo chake, alipigwa picha akiruka sambamba na kangaruu. Elimumruko inamhesabu kangaruu yule kuwa mtafiti mwenza, na inasikitika kwamba hakuacha maandishi. Mwaka 2000, huko Sydney, trampolini iliingia katika Michezo ya Olimpiki. Wachezaji wake hupanda karibu mita 8 na kufanya mitindo 10 mfululizo bila kupumzika. Mita 8, mwanafunzi, ni juu kuliko paa la nyumba ya kawaida pale Tabata. Mwanao hatafika huko. Lakini atajaribu, na wewe utakuwa jikoni.

Fasili ya Pili. Kasri la upepo ni jengo la turubai la plastiki, lenye sakafu, kuta na minara, lisilo na tofali hata moja. Umma huamini kwamba hujazwa upepo kisha likafungwa. Huu ni upotofu mkubwa na naomba usiutamke mbele yangu. Kasri limeshonwa kwa uzi, na mishono yake huvuja kwa makusudi. Upepo hutoka muda wote na mashine, bloa kwa lugha ya wenye fani, huingiza mwingine muda wote. Kasri halina upepo. Kasri hupitiwa na upepo. Aliyeligundua ni mhandisi John Scurlock wa Shreveport, Louisiana, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akitengeneza mifuniko ya upepo ya viwanja vya tenisi na kuwakuta wafanyakazi wake wakirukaruka juu yake badala ya kufanya kazi. Wakuu wengine wangekata mishahara.

Kutoka hapo unapata tofauti ya kwanza ya msingi, ambayo naiita Tofauti ya Ulaji. Trampolini haili. Kasri linakula. Bloa ya nguvu ya farasi moja na nusu huvuta takribani wati 1,100, maana yake sherehe ya saa 4 itameza kama uniti 4 na nusu za LUKU, kabla hujahesabu spika, friji na yule mjomba anayechaji simu mbili.

Sasa tutulie kidogo kwenye kusimama kwa kasri, kwa sababu hapa ndipo wengi wa wanafunzi wangu huanguka mtihani. Kasri huja kwa kirikuu, limekunjwa na kufungwa mikanda. Kijana wa kasri hulishusha, hulibiringisha, hulitandaza, kisha huchukua ule mkono mrefu wa turubai ulio nyuma, huuvisha kwenye mdomo wa bloa na kuukaza kwa mkanda. Hayo yote huyafanya bila kumtazama mtu usoni, na watoto wamemzunguka kimya, jambo ambalo walimu wao hawajawahi kulipata. Akibonyeza swichi huanza Awamu ya Mtutumko: sakafu huvimba kwanza, tumbo juu, kuta zikiwa bado zimelala. Hufuata Awamu ya Mnyanyuko, ambapo kuta husimama kwa kuyumbayumba, na mnara wa kulia hunyooka. Mnara wa kushoto hukawia. Nimeufuatilia sana mnara huu, katika Tegeta na katika Mbagala, na daima hubaki umeinama ukichungulia ndani mpaka kijana auchape kofi. Ukishanyooka tumeingia Awamu ya Msimamo, na hapo ndipo watoto huachiwa.

Awamu ya mwisho huitwa Mlegeo, nayo huja bloa ikizimika. Ipo Milegeo miwili, na yeyote anayeichanganya hafai kumiliki hata godoro. Mlegeo wa Heshima ni ule unaopangwa: sherehe imekwisha, watoto wametoka, mashine inazimwa, kasri linaketi taratibu. Mlegeo wa Ghafla ni ule usio na mwaliko. Muziki hunyamaza, bloa hunyamaza, na kuta huanza kuinamia ndani polepole mno. Mtu mwenye akili angetoka. Watoto hupiga vigelegele na kuruka zaidi, kwa sababu kasri linaloanguka ni tamu kuliko lililosimama. Hapa sayansi haina mzaha: watoa kwanza wote, wadogo kabla ya wakubwa, ndipo uende kuhangaika na jenereta. Nimeona akina baba wakianza na jenereta. Hawa nao tunawafanyia utafiti.

Aina za Uani. Sasa tuainishe ardhi yenyewe.

Aina ya Kwanza, Uani Msheheni, ndiyo iliyoenea zaidi. Ina kamba ya nguo, tenki la maji, banda la kuku, mpapai mmoja na mfuniko wa chemba. Trampolini ya mita 3.6 huhitaji mita 2 wazi kila upande na anga safi juu yake, yaani mraba wa zaidi ya mita 7 usio na kamba, tawi wala jogoo. Fanya hesabu. Utagundua kwamba kinachotakiwa kuhama ni jiko la nje, na jiko la nje lina mwenyewe.

Aina ya Pili, Uani wa Pevingi. Vigingi vya kasri havizami kwenye zege, kwa hiyo italazimu kufunga mifuko mizito ya mchanga. Hii haina la zaidi.

Aina ya Tatu, Uani wa Mteremko, hupatikana Goba, Kimara na kwingineko ambako viwanja viliuzwa wakati wa kiangazi. Imegawanyika katika 3(a), mteremko kuelekea nyumbani, na 3(b), mteremko kuelekea kwa jirani. Chombo chochote chenye mdundo kikiwekwa katika 3(b) kitamhamisha mtoto kidogokidogo hadi miliki ya mtu mwingine. Swali la kisheria la mtoto aliyerukia kwako na kutua kwangu nimeliachia kitabu changu cha pili.

Aina ya Nne ni uani wa nyumba ya kupanga. Hapo uamuzi ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko nje ya mipaka ya sayansi.

Usisahau upepo wa angani. Viwango vya Ulaya huagiza kasri lisitumike upepo ukizidi kilometa 38 kwa saa, na lifungwe kwa angalau nanga 6. Sisi wa pwani tulijaliwa kaskazi na kusi tangu zama za majahazi, na kasri, ukiliondolea vigingi, ni tanga lenye watoto ndani. Baba anayefunga nanga 4 na kusema "inatosha, leo hakuna upepo" ni nahodha asiyejijua.

Sasa tunafika kwenye kiini, na hapa naomba ufute ubao akilini mwako. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilishauri trampolini zisitumike majumbani kabisa. Hatari kubwa iko pale wanaporuka wawili au zaidi. Mzito akitua nukta moja kabla ya mwepesi, kitambaa hurudi juu na nguvu za mzito, na mwepesi huzipokea zote. Huo ndio Urukishwaji katika hali yake kali. Kwa hiyo kanuni ya trampolini ni mmoja mmoja. Kasri, kwa upande wake, limejengwa kwa ajili ya wengi. Sharti lake ni kwamba wawe wa umri na kimo kinachokaribiana, na awepo mtu mzima anayewatazama wao badala ya simu.

Unaona tulipofika? Trampolini huzaa foleni. Kasri huzaa umati. Mzazi anayedhani ananunua mchezo anachagua, kwa hakika, mfumo wa utawala. Katika nchi ya trampolini kuna zamu, kuna kuhesabiana hadi 20, kuna rufaa ("yeye ameruka 23!"), kuna binamu mkubwa aliyejifanya hakimu na ambaye zamu yake haihesabiwi na mtu. Katika nchi ya kasri hakuna sheria ila moja, kuvua viatu, na hata hiyo huishia kwenye lundo la kandambili mlangoni, ambapo saa 12 jioni kila mtoto huondoka na jozi, si lazima iwe yake wala iwe ya rangi moja.

Msimamo wangu sitauficha. Kasri ni la kukodi kwa siku moja, umati uje, uimbe, uondoke na kirikuu. Trampolini ni makazi ya kudumu, na vya kudumu uani hupewa kazi. Mwezi wa kwanza watoto huruka. Kisha huingia Kipindi cha Uanikaji: kitambaa cheusi hushika jua vizuri mno, na siku moja utakuta bibi ametandaza mihogo juu yake. Kuku huhamia chini yake kwa kivuli. Hewa ya chumvi huanza na springi moja, kisha jirani yake, na ikishafika hapo tunasema trampolini imestaafu kutoka Elimumruko na kuingia Elimukaya, ambayo si fani yangu. Wenzetu wa taaluma ya bembea hudai chombo chao hakina matatizo haya. Hiyo ni kwa sababu wamefunga kamba kwenye mwembe na kuiita taaluma.

Zoezi la nyumbani. Ni Jumapili, saa 10 jioni, uani wa Aina 3(b). Kusi inavuma. Kasri limefungwa vigingi 5, kwa kuwa cha 6 kimefungiwa mbuzi. Ndani wamo watoto 9. Wawili hawakualikwa, mmoja ana soda mkononi. Bloa iko peke yake kwenye mita na uniti zilizobaki ni 0.8. Shangazi amevua viatu. Eleza, kwa istilahi sahihi, kitakachotokea ndani ya dakika 45 zijazo, na uchore mnara wa kushoto. Jibu lolote linaloanza na "tungenunua tu baiskeli" halitasahihishwa.