Kinyonga Auza Macho Kidahwe

Hapo zamani za juzi, siku ya gulio, Kinyonga aliteremka njia panda ya Kidahwe, pale barabara inayotoka Kigoma mjini inapogawanyika, moja ikashika njia ya Kasulu na nyingine ya Uvinza. Alikuja na sanduku jeupe na mpiga debe wake, Kunguru.

Gulio lilikuwa limechangamka. Mama Kuku alishapanga mafungu ya dagaa, vifaranga wakimzunguka. Punda alikuwa akifungiwa madebe ya mawese, na Mbuzi akibishana na mteja juu ya muhogo mkavu. Kunguru akarukia bati la kibanda, akapaza sauti: "Enyi watu wa mwisho wa reli! Tangu 1914 kila kitu kinafika kwenu kimechoka. Leo kitu kinaanzia kwenu!"

Kinyonga akafungua sanduku. Akatoa miwani minene yenye mkanda wa kuzunguka kichwa, na waya ulioshuka mpaka kwenye betri ya kufungwa kiunoni.

"Huu," alisema, jicho lake moja likimtazama Mbuzi na jingine likitazama mkoba wa Mbuzi, "ndio uhalisia ulioongezwa. Mungu amewapa dunia, mimi nawapa nyongeza. Ukimtazama mtu, jina lake linaelea juu ya kichwa chake. Ukitazama debe la mawese, bei ya Kasulu na bei ya Ujiji zinajiandika hewani. Ukitaka kwenda mahali, mshale unachorwa barabarani mbele yako."

Mzee Kobe, mwenyekiti wa kijiji, akakohoa. "Hapa majina tunajuana. Na barabara zenyewe ni tatu."

"Ndiyo shida yenyewe, Mzee," Kinyonga alijibu. "Mmeridhika."

Mbuzi akauliza bei. Akaambiwa madebe mia ya mawese kwa jozi moja. Akameza mate, akauliza tena: "Na nikishanunua, nitaifanyia kazi gani?"

"Hilo utatuambia wewe," Kinyonga alisema kwa bashasha. "Wewe si mnunuzi wa kawaida. Wewe ni mwanzilishi."

"Yaani nikulipe, kisha nikutafutie kazi ya bidhaa yako?"

Watu wakacheka. Kinyonga akageuka rangi, kijani kikawa dhahabu, na dhahabu ile ikamvuta mtu mmoja tu: Fisi, mtendaji wa kijiji. Fisi hakuwahi kuona kitu kipya akakiacha kipite. Akatangaza mradi wa majaribio papo hapo, akachukua jozi nne kwa fedha za ukarabati wa kisima. Fulana za mradi zilichapishwa kabla mkataba haujasomwa. Jozi moja akampa Punda kwa niaba ya sekta ya usafirishaji, moja Mama Kuku kwa niaba ya kina mama, moja Ngedere kwa niaba ya mafundi. Ya nne akabaki nayo mwenyewe kwa niaba ya maendeleo.

Punda alishika njia ya Uvinza asubuhi, mshale wa buluu ukimtangulia barabarani. Ukungu ulipotoweka na jua likapanda, mshale ukaanza kufifia. Ilipofika saa sita haukuwepo tena. Ulibaki kuonekana alipoinama chini ya mchikichi, mahali ambapo hakuna barabara. Kioo kile kilipitisha mwanga wa dunia ili Punda aone njia, kwa hiyo picha iliyochorwa juu yake ililazimika kushindana na jua la Kigoma. Kulishinda jua kunataka nguvu nyingi, nguvu nyingi huleta joto na kumaliza betri, na betri ikiongezwa ukubwa mzigo nao unaongezeka. Hiyo ya Punda ilizimika mchana huo huo. Akarudi jioni, pua imechubuka.

"Nimezaliwa kubeba," alisema, "lakini mgongoni. Huu mzigo wa puani sikulelewa nao."

"Toleo lijalo litakuwa jepesi," Kinyonga alimtuliza.

Mama Kuku naye aliivaa akiwa na vifaranga wake. Alifurahi sana mwanzoni, kwa kuwa namba ilielea juu ya kila kifaranga. Hakujua kwamba miwani ile ilichora katika dirisha dogo tu katikati ya macho, na kwamba lililo nje ya dirisha halikuwepo kwa miwani. Mwewe alipotokea ubavuni, hakuna maandishi yaliyotokea. Maandishi "MWEWE, HATARI" yaliwaka vizuri sana, kwa herufi nyekundu, wakati Mwewe alipopita mbele akiwa tayari ameshika namba nne. Kuku wa zamani, asiye na miwani, ana macho pembeni mwa kichwa kwa sababu hiyo hiyo.

"Toleo lijalo litakuwa na dirisha pana," alisema Kinyonga, akiinamisha kichwa kwa msiba.

Fisi alikumbana na mengine. Alikaa ofisini akisoma orodha ya wadaiwa wa michango, ambayo miwani iliichora kana kwamba imesimama hatua tatu mbele yake. Macho yake mawili yalijielekeza kwenye hatua tatu, lakini lenzi zake zililazimika kulenga umbali mwingine, ule ambao kioo kimetengenezewa. Macho yakipewa amri mbili zinazopingana kwa saa nzima, kichwa ndicho kinacholipa. Fisi akatoka kupunga upepo, kizunguzungu kimemshika, bila kuvua. Miguu ikampeleka kisimani.

Kina mama walikuwa wakichota maji kwa kamba, maana pampu ilikuwa bado mbovu. Wakamwona mtendaji amesimama, miwani usoni, taa ndogo ikiwaka. Hakuna aliyejua kama anawatazama, anawarekodi au anaangalia mpira. Hilo la kutojua lilitosha. Bibi Sungura aliuliza mara moja tu, "Mheshimiwa, hilo jicho la tatu linafanya nini?" Fisi aliposita kujibu, ndoo ya kwanza ikaruka.

"Toleo lijalo," Kinyonga alisema, "litakuwa na taa kubwa zaidi."

Alibaki Ngedere, fundi wa mashine ya kukamulia mawese. Mashine ilikuwa imekwama tangu juzi, na foleni ya wenye chikichi ilifika barabarani. Ngedere alivaa miwani ndani ya banda, kivulini, mikono ikiwa imelowa mafuta hadi kiwikoni. Fundi mkuu, aliyekuwa Kigoma mjini, akaona kile anachokiona Ngedere, akachora duara jekundu kuzunguka boliti moja nyuma ya gia. "Hiyo. Legeza hiyo kwanza." Haikupita saa moja mashine ikanguruma. Ngedere akavua miwani, akaifuta, akaitundika msumarini, akaendelea na kazi.

Jumapili baraza likaitishwa chini ya mwembe. Kinyonga alipoona watu wamenuna, akabadili rangi na lugha kwa pamoja. "Tatizo ni ushamba," alisema. "Huko duniani watu wanapanga foleni."

Mzee Kobe hakubishana. Alisema tu, "Mwiteni Korongo. Yeye kila mwaka anatoka huko."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yake anapotoa ushahidi. Alianza na mwaka 2013. Kampuni ya Google ilitoa miwani yake, Google Glass, kwa dola 1,500, na wanunuzi wake nao waliitwa kwa cheo: wavumbuzi. Baa na migahawa kadhaa ikawapiga marufuku kwa sababu ya kamera. Januari 2015 uuzaji kwa watu wa kawaida ukasimamishwa, na toleo lililobaki kwa ajili ya viwanda nalo likafungwa mwaka 2023. Ikaja kampuni ya Magic Leap, iliyokusanya zaidi ya dola bilioni mbili kutoka kwa wawekezaji kabla ya kuuza kifaa chake cha kwanza mwaka 2018 kwa dola 2,295. Miaka miwili baadaye ilipunguza wafanyakazi kwa wingi, ikaacha kuwafukuzia wananchi, ikageukia makampuni. Microsoft na HoloLens 2 yake ya dola 3,500 haikuhangaika na wananchi hata kidogo. Ililenga viwanda, hospitali na jeshi, na mwaka 2021 ilipewa mkataba wa jeshi la Marekani ambao ungeweza kufikia karibu dola bilioni 22. Askari walioijaribu wakalalamikia maumivu ya kichwa, kichefuchefu na macho kuchoka. Mwaka 2024 Microsoft iliacha kuitengeneza.

"Basi Apple?" Kunguru alidakia. "Useme na Apple!"

"Nasema. Februari 2024, Vision Pro, dola 3,499, zaidi ya shilingi milioni nane. Uzito ulipita gramu 600 na betri yake ya pembeni ilikaa kama saa mbili. Iliuzwa Marekani kwanza, baadaye nchi nyingine. Mwaka ule katika orodha ya nchi hizo sikuona hata moja ya Afrika. Kwa hiyo, ndugu yangu Kunguru, foleni aliyoisema Kinyonga haina hata pa kuanzia hapa."

Kisha Korongo akataja jambo lililomfanya hata Fisi ainue kichwa. Miwani iliyouzwa kweli kweli, alisema, ni ile ya Meta na Ray-Ban iliyotoka Oktoba 2023. Ilifikia jozi milioni mbili mapema mwaka 2025. Nayo ilikuwa na kamera, spika na kipaza sauti, lakini mbele ya macho haikuchora kitu chochote. Watu waliinunua kwa kuwa ni nyepesi na ni miwani kwanza. Septemba 2025 ndipo Meta ikaongeza kidirisha kidogo katika jicho moja, kwa dola 799, wakati kitengo chake kinachotengeneza vitu hivi kilishapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 60 tangu 2020.

"Hata simu ilianza hivyo!" Kinyonga alipiga kelele. "Ilikuwa nzito, ghali, mkaicheka!"

"Simu hatukuicheka," alijibu Mbuzi. "Siku ya kwanza tu nilimpigia mnunuzi wa Ujiji bila kupanda gari. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hakuna aliyetuomba tuitafutie kazi. Mtoto yuko Dar es Salaam, ada inatakiwa, kazi ikajulikana yenyewe. Na hiyo bei ya Kasulu unayotaka niione hewani, naiuliza kwa simu niliyo nayo mfukoni."

Hapo Sokwe akaomba nafasi. Alikuwa mgeni, ameshuka kutoka Gombe kwa kufuata ufuko, na wageni Kidahwe husikilizwa.

"Mwaka 1960 alifika kwetu binti Mwingereza, Jane Goodall, akakaa porini akitutazama. Mwaka huo huo alimwona mzee wetu mmoja, yule aliyempa jina David Greybeard, akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa. Wanadamu walishangaa, kwa kuwa walidhani wao peke yao ndio wenye kutengeneza vifaa. Sisi tulishangaa wanachoshangaa. Tulikuwa na njaa, mchwa walikuwa ndani, na kidole hakifiki. Njaa ilitangulia, kijiti kikafuata. Sijawahi kuona sokwe aliyeokota kijiti, kisha akazunguka msitu mzima akiuliza kichuguu kiko wapi. Tena nikishika kijiti nakisahau, macho yangu yako kwa mchwa. Nikishiba nakitupa, na shingo hainiumi."

Akamgeukia Kinyonga bila hasira. "Wewe umeleta kijiti cha thamani, umetumia akili nyingi kukichonga, na sikudharau. Ngedere alikuwa na kichuguu, kikamfaa. Punda hakuwa nacho, Mama Kuku hakuwa nacho. Mtendaji alikuwa nacho, nacho ni pampu, akakinyima fedha."

Baraza halikuhitaji kura. Jozi tatu zikarudishwa kwenye sanduku. Ya nne ikaachwa kwenye banda la mawese kwa kukodishwa, kwa saa, mashine inapoharibika. Fisi akaandikiwa deni la kisima kwa jina lake kamili, kwenye daftari la kawaida, kwa kalamu. Kinyonga alishika njia ya Kasulu akiwa ameanza kupata rangi ya Kasulu. Kunguru alikuwa ameshatangulia kutangaza kwamba Kidahwe wameipokea kwa shangwe.

Nawe msomaji, vifaa hivi vitafika mlangoni kwako, pengine vikiwa vyepesi na nafuu kuliko vya Kinyonga, na siku hiyo usivikatae kwa ukaidi wala usivipokee kwa woga wa kuachwa nyuma. Kama una kazi iliyokujaza mikono na kifaa kinakusaidia kuimaliza, kodi, tumia, vua. Lakini ukiambiwa ununue kwanza, kazi yake itajulikana katika toleo lijalo, ujue kwamba bado hakijawa tayari kwa soko na wewe si mteja. Wewe ndiye unayejaribiwa, na anayejaribiwa hulipwa, halipi.