Namna ya Kuiuzia Mahindi Shule ya Jirani

Hongera, ndugu mkulima wa Kongwa. Umevuna magunia kumi na tano, na ng'ambo ya barabara kuna shule ya bweni inayosonga ugali kila siku ya Mungu. Mtu mwenye akili za kawaida angekodi mkokoteni akavuka. Usivuke. Anayevuka na mahindi bila makaratasi ni mgeni wa mlinzi wa geti, na hapo ndipo safari yake inapoishia.

Anza na TIN, leseni ya biashara na akaunti ya benki ambayo jina lake linafanana, herufi kwa herufi, na la kitambulisho chako cha NIDA. Kisha jisajili NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali ulioanza kutumika 2023. Mfumo wenyewe hauna neno: hauombi chai wala hauna shemeji. Unataka bando, barua pepe na nywila tu, na kama mtandao kijijini kwako hupatikana juu ya kichuguu, panda. Ukiwa huko juu kumbuka kwamba sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Sajilini kikundi. Ila msilitangaze sana jambo hili, maana wenye malori wataunda kikundi cha akina mama kabla ya magharibi.

Siku ya kupeleka mzigo ndiyo tamu. Mtunza stoo atachomoa bambo, alidunge gunia ubavuni, punje zimwagikie kiganjani. Atapuliza makapi, atachagua punje moja, ataiweka kwenye gego na kuiuma. Ikilia "ka!", ni kavu. Ikinyamaza, rudi nayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na gego lile, kwa uwezo wa Mungu, husoma 13 kwenye mzigo wa mzabuni mzoefu na 17 kwenye wako. Hapa kejeli naiweka kando kidogo, kwa sababu unyevu huleta sumukuvu, nayo haina utani: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, na udai kipimo cha mashine.

Lumbesa acha nyumbani. Shule hulipa kwa kilo.

Hulipa, nimesema? Kamati ya mapokezi ikishasaini utapewa nakala. Itunze vizuri, mtaishi pamoja. Mhasibu atakwambia fedha za robo hii hazijaingia. Mkuu wa shule atakwambia nenda halmashauri. Halmashauri watakwambia mwenye faili yuko semina Morogoro. Madeni ya wazabuni wanaolisha shule yamezungumzwa hadi bungeni, na hao ni watu wenye malori na mikopo ya benki. Wewe una mbuzi wawili, na mtoto ambaye yumo bwenini humo humo anakula mahindi uliyoyakopesha.

Kwa asiyeweza yote haya ipo njia nyepesi, na wengi wenu mnaijua. Subiri mwezi wa sita dalali aje na pikipiki, umuuzie lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Mahindi yatapanda fuso hadi soko la Kibaigwa, yatalala ghalani hadi bei ichangamke, kisha Januari yatarudi shule ileile ya ng'ambo ya barabara, safari hii yakiwa na risiti ya EFD. Mlinzi atafungua mageti yote mawili. Mahindi yaliyotembea huheshimiwa, hata kama ni yale yale uliyoyapalilia wewe.

Sasa neno moja kwa wakuu wa shule na maofisa ugavi, ambao najua mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yenu lakini mmeusoma. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, wakati mahindi ya Kongwa yako uani kwa watu na bei yake iko chini. Nunueni wakati huo, kwa kikundi cha kijiji, na mlipe kabla ya mvua za Desemba. Mkulima anayewadai hadi Februari hatakuwa na fedha ya mbegu, na msimu utakaofuata mtanunua kwa dalali.