Mgeni Njoo, Kompyuta Ipone

Hitilafu ya kompyuta inayokuja na kuondoka ni ile inayoizima mashine bila kuaga, kisha ikiwashwa tena hufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Inatofautiana na hitilafu ya kudumu kwa tabia moja, nayo ni haya: haijitokezi mbele ya fundi. Laptopu iliyojizima mara nne usiku huko Mbagala Rangi Tatu, asubuhi ikatiwa begini, ikabanwa ndani ya daladala hadi Kariakoo na kulazwa juu ya meza ya fundi, huwaka mara moja, hufungua kila inachoamriwa na hata hupiga wimbo. Fundi huitazama mashine, kisha humtazama mwenye mali. "Mbona inapiga kazi, bosi wangu?" Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni na mgonjwa ni yule yule mmoja, naye hupona akishavuka kizingiti.

Uchunguzi huanza kwa kujua mashine inafanya nini hasa, kwa sababu mwenyewe akiulizwa hujibu "inasumbua", neno ambalo hutumika pia kwa mtoto, bodaboda na jino. Kuna kuganda: picha inabaki kwenye kioo, kishale hakisogei, feni inaendelea kuvuma. Kuna skrini ya buluu yenye maandishi meupe, kisha mashine hujiwasha upya. Na kuna kuzimika ghafla, giza tupu, bila buluu wala kwaheri. Kuzimika ghafla mara nyingi huelekeza kwenye umeme au joto. Skrini ya buluu huelekeza zaidi kwenye RAM, diski, au programu inayoendesha kifaa fulani. Kuganda kunaweza kuwa chochote. Ile skrini ya buluu huandika jina la kosa, hivyo ipigwe picha kwa simu kabla haijapotea. Wengi hufunga kompyuta kwa hofu, kama mtu aliyefumaniwa. Windows nayo ina daftari lake la matukio, ambamo kuzimika ghafla huandikwa kama tukio namba 41. Maelezo ya tukio hilo, yakisomwa taratibu mpaka mwisho, yanasema kwamba kompyuta ilizimika bila kuzimwa inavyopaswa. Mwenye kompyuta alikuwepo, analijua hilo.

Tandika, Mwananyamala na Tandale, hatua hiyo kwa kawaida hurukwa, kwa kuwa ugonjwa unajulikana na kila mpita njia: ni virusi. Dawa ya virusi ni kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Kupiga window ni kama kidonge cha maumivu: hutolewa kabla mgonjwa hajasema anaumwa wapi. Dawa hiyo si ya kudharauliwa. Tatizo likiwa la programu, litaondoka. Likiwa la vifaa, mwenye mali atarudi nyumbani na mashine ile ile inayojizima, ila sasa haina picha za harusi ya dada yake. Njia isiyo na msiba ni kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Linux, bila kugusa diski. Ikizimika na humo, window haina hatia. Tiba iliyowahi kufaulu kikamilifu nchini ni moja tu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa miaka kadhaa iliyofuata hakuna mkazi wa Temeke aliyelalamika kuwa laptopu yake inajizima.

Kifaa cha uchunguzi chenye faida kuliko vyote huuzwa dukani kwa Mangi: daftari la shule na kalamu. Kila mashine inapojizima huandikwa saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, kama chaja ilikuwa imechomekwa, na kompyuta ilikuwa imekaa juu ya nini. Baada ya wiki mbili hitilafu iliyoonekana ya kijini huanza kuonyesha ratiba. Inayotokea saa nane mchana ni ya joto. Inayotokea kila kioo kikisogezwa nyuma kidogo ni ya waya uliochubuka kwenye bawaba. Inayotokea mara tu jirani anapochomeka pasi haihitaji maelezo, ingawa jirani atahitaji kuelezwa kwa upole.

Joto ndilo mshitakiwa mkuu, na lugha yenyewe imeshiriki kosa. Kiswahili sanifu kinaiita mashine hii kompyuta mpakato. Jina ni zuri, lakini kupakata ni kuweka mapajani, na laptopu nyingi huvuta hewa kupitia matundu yaliyo chini ya tumbo. Anayeipakata juu ya kanga, au kuilaza juu ya godoro, ameiziba pua kwa kutii kamusi. Miezi ya Januari hadi Machi, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 kivulini, na chumba cha bati kisicho na silingibodi hakijui kivuli ni nini. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi kwanza. Joto likizidi kupanda, mashine hukata umeme ili isijiunguze. Huo si ugonjwa, ni busara, na wako binadamu wengi wasio nayo. Kipimo chake hakigharimu kitu: mashine iinuliwe juu ya meza kwa vifuniko vinne vya chupa za maji, ielekezewe feni, ipewe kazi ile ile. Ikidumu bila kuzimika, ifunguliwe isafishwe. Ndani ya feni hukutwa vumbi la barabara lililochanganyika na moshi wa mkaa na unyevu wa bahari, likawa blanketi. Kati ya prosesa na chuma cha kupozea kuna pesti ambayo nayo hukauka kwa miaka. Wapo wanaopaka dawa ya meno badala yake. Hupoza kwa muda mfupi, kisha hukauka, na mashine hurudi kujizima ikinukia mnanaa.

Umeme husingiziwa kwa haki na bila haki. Chaja nyingi za laptopu huandikwa kuwa zinapokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme wa volti 230 ukishuka jioni wakati taa za nyumba zimekuwa nyekundu, chaja bado huvumilia kuliko mwenyewe. Kisichovumilika ni ule mkato wa kufumba na kufumbua ambao friji halijali, kwa mashine ambayo betri lake lilikufa zamani na limebaki ndani kama ukumbusho wa marehemu. Laptopu ya namna hiyo, ambayo kwa mashine za mtumba ni jambo la kawaida, imeshakuwa kompyuta ya mezani inayobebeka. Kuna pia chaja ya kuazima: mashine inataka wati 65, chaja ina wati 45, tundu linaingia vizuri. Mtu akiandika barua hakuna tatizo. Akifungua filamu, mashine inaomba zaidi ya inachopewa, na betri lililopaswa kufidia halipo. Giza.

RAM hupimwa kwa kupunguza. Zikiwa kadi mbili, itolewe moja, mashine itumike siku kadhaa, kisha zibadilishane. Miguu yake ya rangi ya dhahabu hushika uchafu, na fundi huisugua kwa kifutio cha penseli kama anayesahihisha hesabu. Tendo hilo, pamoja na kule kuitoa na kuirudisha tu, limeponya mashine nyingi kuliko linavyosifiwa. Ipo pia programu ya kuipima inayowashwa kwa flashi na kuachwa ifanye kazi usiku kucha, kwa sharti kwamba umeme nao utakuwepo usiku kucha. Diski ni rahisi zaidi: hujiwekea kumbukumbu za sehemu zake zilizoharibika, nazo husomwa kwa dakika moja. Kuhusu sisimizi wanaoingia kufuata joto na makombo ya maandazi, hakuna programu, ifunguliwe wapanguswe.

Hapo ndipo yale maajabu ya Kariakoo hueleweka. Njiani kutoka Mbagala mashine ilipoa. Daladala iliitikisa, ikakaza RAM iliyolegea au kuunganisha ufa wa lehemu usioonekana kwa jicho. Mezani kwa fundi ilichomekwa chaja nyingine, kwenye soketi nyingine, juu ya mbao ngumu. Mambo matano yamebadilika kwa safari moja, na mojawapo huenda ndilo lililokuwa likiizima. Fundi anayejua kazi hamrudishi mteja kwa kicheko. Humwambia alete na chaja yake, ekstensheni yake, na ikibidi mto anaoiwekea.

Marekebisho yafanywe moja moja. Anayesafisha feni, kubadilisha chaja na kusugua RAM siku moja atapona bila kujua alikuwa akiumwa nini. Yapo na makosa ambayo hayatajulikana kamwe: katika uchaguzi wa Schaerbeek, Ubelgiji, mwaka 2003, kompyuta ilimpa mgombea kura 4,096 za ziada, na maelezo yaliyobaki mezani ni kwamba huenda chembe kutoka anga za juu iligeuza biti moja. Mteja wa Tandale asipewe maelezo hayo kabla feni haijasafishwa.

Linalobaki ni kujua kama imepona, na hapa wengi husherehekea mapema. Hitilafu iliyokuwa ikitokea ovyo, kwa wastani mara moja kila siku tatu, inaweza kukaa kimya siku tatu kwa bahati tu, uwezekano wa kama asilimia 37, hata kama hakuna kilichotengenezwa. Siku tisa za kimya hushusha uwezekano huo hadi asilimia 5, na ndipo fundi alipwe salio. Kwa hiyo daftari huendelea: siku ya saba, ya nane, ya tisa. Ikizimika siku ya kumi, saa tatu usiku, katikati ya sentensi, hesabu isirudishwe sifuri kabla ya kutazama taa ya chumba. Taa nayo ikiwa imezimika, na korido nzima ya wapangaji imeanza kuitana kwa majina, mashine haina kosa. Anayetafutwa ni mwenye zamu ya kununua LUKU, ambaye simu yake, kwa bahati mbaya, imezimika tangu jioni.