Hilux ya Porini, Makazi Mikocheni

Hongera, bwana, kwa kuinua Hilux. Umeongeza majani ya springi nyuma, ukafunga matairi makubwa. Sasa shemeji yetu anahitaji kigoda ili apande. Propela shafti imekaa mshazari mpaka krosi zinalia, na gia ya kwanza inahema kwa sababu difu ni ileile ya kiwandani. Spidomita nayo inakusitiri: inasoma pungufu ya mwendo wako halisi. Hilo utawaeleza trafiki, huenda wakakuelewa. Wenzako wanaoshusha magunia ya viazi kutoka milimani huongeza springi kwa sababu gari linalala. Wewe umebeba begi la jimu, na springi ngumu isiyo na mzigo inakurusha kwenye kila tuta. Kabla ya kuongeza jani jingine, tafuta kwanza viazi.