Mawe Yasiyopelekwa Karashani

Brooklyn Park, Minnesota
Julai 2025

Kwako Mjomba Mwalimu, Katoro, Geita.

Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha, chini ya bati lililokuwa likilia kwa joto la Oktoba, kwamba barua njema huanza kwa kumtoa wasiwasi anayeandikiwa, kwa kumwarifu kuwa mwandishi yu mzima wa afya na kwamba hofu yake ni juu ya wale walio mbali na upeo wa macho yake. Na kwa kuwa sijathubutu kuivunja kanuni yako tangu siku zile ulipokuwa na fimbo mpaka leo ulipo na karasha la kusaga mawe ya dhahabu, naandika kuwa mimi ni mzima wa afya, isipokuwa kifuko cha nyongo, ambacho tabibu amekikuta kimejaa mawe na ameamuru kiondolewe.

Swali lako la kwanza nalijua, maana ulikwisha kuliuliza katika simu, ukiwa umesimama karibu mno na mashine hata nikaisikia mashine kuliko wewe: mawe ya namna gani, na ya rangi gani? Nasikitika kukujulisha kuwa mawe haya aghalabu ni mafuta tu yaliyoganda ndani ya nyongo, hayana dhahabu wala chembe ya almasi; na mtu aliyezaliwa katika mkoa wa Shinyanga, ambamo John Williamson, yule Mkanada, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, mkoa ambao jiwe lake la rangi ya waridi la karati 54.5 lilikwenda kuwa hidaya ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, anastahili kuona haya kidogo kwa kuzalisha mawe ya daraja hii. Hata hivyo, kwa kutii agizo lako, nilimwuliza mpasuaji kama nitaruhusiwa kuondoka nayo. Akasema kuwa hupelekwa maabara kwanza. Nilipokusimulia jibu hilo ulicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuona sampuli nyingi zikienda maabara zisirudi.

Upasuaji wenyewe, wanasema, si jambo la kutisha: hutobolewa matundu madogo kama manne, hupitishwa kamera katika moja, kifuko hutolewa kwa jingine, na mgonjwa huweza kurudi kwake siku iyo hiyo. Balaa iko baadaye, kwa kuwa mgonjwa huyo hukatazwa kuinua kitu kizito kwa majuma kadhaa, ilhali kazi yangu mimi, tangu asubuhi mpaka jioni, ni kuinua wazee. Nawainua kutoka kitandani, nawashusha kitini, nawarudisha kitandani. Na kwa kuwa watumishi hawatoshi, simu yangu huita hata siku ninayopumzika, na sauti tamu ya msimamizi huniuliza kama ningependa kuongeza zamu, kana kwamba ni karamu ninayoalikwa.

Hapa ndipo yalipo mashaka yenyewe. Marekani haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi hata siku moja ya likizo yenye malipo. Nilipowasimulia wenzangu kuwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 za likizo kila mwaka, na akiugua humpa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu ya mshahara, mmoja wao, mtu mwema ambaye juma lililotangulia alikuwa ameniuliza kama kwetu kuna barabara, aliniuliza kama kwetu kuna nafasi za kazi. Sikumweleza kuwa wengi wetu, wewe na karasha lako mkiwamo, hatuna mwajiri wa kutupa likizo hiyo. Mtu ana haki ya kulipamba taifa lake mbele ya wageni.

Jimbo hili la Minnesota, nisilidhulumu, limejitahidi: tangu Januari 2024 kila saa 30 za kazi humzalia mfanyakazi saa moja ya ruhusa ya ugonjwa, mpaka zitimie saa 48 kwa mwaka. Lakini mwajiri wangu, kwa iktisadi yake, amezitia saa za ugonjwa na saa za starehe katika akiba moja, na sheria haimzuii. Hivyo kila siku ninayokwenda kuota jua ni siku ninayoipunguza katika kitanda changu cha majeruhi, na mtu akiketi ufuoni hesabu nayo huja ikaketi kando yake.

Na majira ya joto ya huku hayangoji. Theluji imeondoka juzi tu, na baada ya muda mfupi itarudi. Kwa sababu hiyo watu huyapokea majira haya kwa pupa, na kila Ijumaa mchana barabara ya kaskazini hujaa magari yaliyofungwa mitumbwi juu ya paa, yakikimbilia vibanda vya ziwani. Mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne na maji ya moto ukutani huendesha gari kwa saa nyingi ili akalale katika kibanda cha mbao, achanje kuni na kuumwa na mbu, kisha Jumatatu arudi kazini akiwa amebabuka uso na kusema kuwa amepumzika. Mambo hayo mimi niliyafanya bure Usukumani miaka yote ya utoto wangu, wala hapakutokea mtu wa kuniambia kuwa niko likizoni.

Walakini nilikwenda. Ijumaa ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wao, ambayo niliihesabu kuwa ni Sabasaba iliyowahi kwa siku tatu, nilifuatana na jamaa wa Kikisii na Mrundi mmoja mwenye gari kubwa mpaka Duluth, kwenye pembe ya Ziwa Superior. Ndilo ziwa la maji matamu lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, kilomita za mraba zipatazo 82,000, na Victoria letu lenye 68,800 hulifuata. Nami, kwa kuwa nimekulia karibu na hilo la pili, nilivua viatu kwa kiburi na kuingia. Jua lilikuwa likiwaka, watoto wa Kizungu walikuwa wakirukaruka majini kwa bashasha, na maji yaliponifika kifundo cha mguu nilitoka bila kuaga. Kwa robo saa sikuwa na habari za nyongo wala za mwajiri, maana fahamu zangu zote zilikuwa zimehamia vidoleni.

Kuna daraja la chuma pale, lililojengwa mwaka 1905, ambalo tangu 1930 kipande chake cha katikati hupandishwa juu kizima kupisha meli. Mamia ya watu huja na viti vya kukunja, wakaketi kungoja. Meli ikatokea, ndefu kadiri ya mita 300, ikapita karibu mno hata ungeweza kuisoma kutu ubavuni mwake. Nahodha akapiga honi, daraja likaitikia kwa honi yake, na watu wakapiga makofi, wengine wakapunga kofia. Nikamwuliza mzee aliyekuwa karibu nami meli imebeba nini. "Mawe ya chuma," akajibu, kwa fahari ya mtu aliyeyachimba mwenyewe. Kwetu Kahama malori yalibeba mchanga wa dhahabu miaka nenda miaka rudi, asipatikane mtu wa kuyaletea kiti. (Ama kuhusu daraja lenu la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwezi uliopita, kilomita 3 juu ya maji, niliwaonyesha picha yake wale Wakisii, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane walikosa neno la kuisifia Kenya. Sasa mgonjwa wa Geita atafika hospitali ya Bugando bila kungoja kivuko mpaka homa impoe yenyewe.)

Jioni wakachoma nyama. Mimi, Msukuma, niliyekatazwa mafuta na tabibu, niliketi upande unakoelekea moshi nikiwa na kiazi cha kuchemsha na kipande cha kuku kilichovuliwa ngozi, na Mrundi, kwa huruma, akalila fungu langu la mbavu ili nisilione.

Siku ya kurudi waliniuliza, mimi mgonjwa, tupitie wapi, na nafsi yangu ikachagua Hibbing. Huko kuna shimo la chuma lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, ambalo liliusogelea mji hata ikabidi mji uhame. Kuanzia takriban mwaka 1919 nyumba, na hata hoteli, ziliburutwa juu ya magogo kupelekwa mahali pengine. Tukasimama ukingoni tukitazama chini. Wenzangu walistaajabu, mimi nikatanabahi kuwa nimevuka bahari, nikakopa siku katika kitanda changu cha majeruhi, nikalipia mafuta ya gari, ili nije kutazama duara kubwa la wachimbaji. Nikawaambia kuwa kwetu pia mgodi huhamisha watu, ila aghalabu nyumba haifuatani na mwenyewe.

Niliporudi, bahasha zilikuwa zimenitangulia. Huku hospitali haikudai pesa mlangoni usiku ule nyongo iliponikimbiza huko kwa maumivu, na kwa hilo nawashukuru, kwa kuwa tangu 1986 sheria huwalazimisha kumpokea mgonjwa wa dharura kabla ya kumwuliza mfuko wake; hukuacha upone kwanza, ndipo waraka ufike. Wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa kuwa huu si waraka wa madai, na ndani yake mlikuwa na tarakimu zilizonirudishia maumivu. Wa pili ulikuwa wa hospitali. Wa tatu ulitoka kwa tabibu aliyeisoma picha ya tumbo langu, mtu ambaye sijapata kumwona wala kumwamkia, na ambaye kwa dhahiri ananijua kuliko ninavyojijua. Kila waraka una bei tatu: ile ya kutajwa, ile waliyopatana na bima, na ile inayonihusu.

Nilipokusomea ulisema neno moja, "Makinikia," na tangu hapo sijapata maelezo bora zaidi. Hakika madai ya hospitali za huku ni yale makontena 277 ya mchanga wa dhahabu yaliyozuiwa mwaka 2017: kila mtu anayaona, kila mtu anayapigia hesabu, na asiyeyafungua hajui. Ukanikumbusha kuwa kampuni yenye mchanga huo ilidaiwa dola bilioni 190, na mwisho wa mazungumzo zikapatikana dola milioni 300 na ubia. Kwa hiyo, ukasema, usilipe bei ya kwanza. Nilimpigia karani wa madai, nikamwomba anipe orodha ya kila kitu kimoja kimoja, na nilipoiomba tu, kabla hata haijachapishwa, sindano moja ambayo sikuchomwa ikafutika. Ubia sijaudai.

Linalonikosesha usingizi sasa ni tarehe. Bima yangu hunitaka nilipe kwanza kiasi fulani kutoka mfukoni, na hesabu hiyo huanza Januari ikafa Desemba. Mwaka huu wa 2025 sheria imeweka ukomo wa malipo ya mfukoni wa dola 9,200 kwa mtu mmoja katika bima zilizo nyingi, na usiku ule wa maumivu ulikwisha kunifikisha mbali. Mwenye busara huku, akishafika hapo, hupasuliwa kila kinachopasulika kabla ya mwaka kwisha. Kuna mwenzangu kazini ambaye amekutana na ukomo wake mapema na anatafuta kwa bidii maradhi ya goti. Basi nipasuliwe mwaka huu? Naam, lakini sheria ya Minnesota ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, ambayo itampa mgonjwa sehemu ya mshahara wake hadi majuma 12, inaanza Januari 1, 2026. Nikiwahi, nitapasuliwa kwa nafuu na kulala bila mshahara, maana akiba yangu nimekwisha kuimwaga Duluth. Nikichelewa, nitalala kwa mshahara na kupasuliwa kwa bei mpya. Nilimweleza mpasuaji fumbo hili kwa urefu. Alinisikiliza kwa taadhima, akasema kuwa kifuko cha nyongo hakina kalenda, akaniandikia Oktoba.

Nije kwenye lile la ng'ombe. Nimesikia kuwa mmekaa kikao cha ukoo bila mimi, na kwamba baada ya miaka mingi ya michango kutoka huku kuja huko, yenye ada za shule na mabati na misiba, mmeazimia kumpeleka yule dume mwekundu mnadani ili mnichangie. Niliusikiliza ujumbe wako nikiwa katika chumba cha kufulia nguo cha kazini, nikausikiliza tena, kisha nikarudi kumwinua bibi mmoja ambaye aliniuliza mbona macho yangu mekundu, nikamwambia ni sabuni. Asanteni. Hata hivyo niliona ni wajibu wangu kuuliza, na nilipompata kwa simu binti wa ofisi ya malipo, naye akiisha kunitajia kadi, hundi na mafungu ya kila mwezi, nilimwuliza kama wanapokea ng'ombe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu kama ng'ombe huyo ndiye mgonjwa.

Kwa hiyo msimwuze kwa sasa. Kibali cha bima cha upasuaji wenyewe bado hakijatoka, na wakikataa sheria inanipa siku 180 za kukata rufaa, muda ambao dume yule, akilishwa vizuri mashudu ya pamba, atakuwa amepanda bei.

Wasalaam,
Mpwao