Pikapu Mpya, Magunia Yale Yale

Waunda magari wanapoamua kuisuka pikapu upya, sijui huwa wanakwenda kumuuliza nani. Magunia hawayaulizi, hilo nina hakika nalo. Mama anayepandia Karuzi na mkungu wa ndizi, mtoto mgongoni na kuku mkononi, hawamuulizi. Wanamuuliza bwana anayekaa mbele peke yake, kiwiko dirishani, naye kwa kuwa hana shida yoyote duniani, anaagiza starehe. Ndiyo maana kila toleo jipya likitoka, kiti kimenenepa na bodi la nyuma limekonda.

Shemeji yangu wa Bujumbura ni mmoja wa mabwana hao. Amenunua pikapu ya dabo kebini ambayo, kwa maneno yake, imeundwa upya kuanzia chini. Chapa siitaji, maana dada yangu bado anakula katika nyumba hiyo. Aliileta Gitega, akaiegesha mbele ya kwetu Nyamugari, akatangaza kwamba safari hii maharagwe ya Muyinga tutayaleta kwa heshima. Mama yangu, ambaye ana ndugu zake Muyinga na hajawahi kukataa lifti, akasema na yeye yumo. Mkwe ni mkwe. Shemeji alifungua mlango wa mbele, mama akaketi juu ya ngozi, mimi nikatupwa kiti cha nyuma pamoja na kitabu cha maelezo ya gari, ambacho ni kinene kuliko daftari la madeni la duka langu.

Nilipochungulia bodini nikakuta limeshajaa nusu. Mabidoni ya mazutu. Nisiulize yametoka wapi, shemeji alisema, nami sikuuliza. Mtu yeyote aliyeishi Burundi miaka hii anajua dola zikikosekana benki, mafuta yanakosekana kituoni, na foleni ya magari inalala barabarani hadi madereva wanajuana majina ya watoto. Land Cruiser 79 ina tangi la lita 130. Nimewahi kumsikia mtu akilisifu tangi hilo kwa sauti ya kunong'ona. Lakini gari la shemeji, pamoja na usomi wake wote, mzigo wake wa kwanza ni chakula chake lenyewe.

Barabara ya kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga ni ya lami, na leo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kengele. Gari lina jicho mbele, jicho nyuma, na masikio ubavuni, na kila kinachoonekana lazima lipige kelele. Sasa wewe ijue barabara yetu: pembeni wanatembea wanafunzi, mbuzi, waumini wa makanisa yote, na akina mama wenye majembe. Mtu akisogea kidogo, gari linalia. Mbuzi akifikiria kuvuka, gari linakanyaga breki lenyewe, bila kumshauri dereva. Tulipofika penye soko likawa linasali rakaa: linasujudu, linainuka, linasujudu. Mama akamuuliza mkwewe kwa upole amejifunzia wapi udereva.

Mwinuko ulipoanza, yakawa makubwa zaidi. Vijana wetu wa baiskeli wana ustadi wao, nao haujaandikwa kwenye kitabu cha maelezo: gari likipanda pole pole, kijana anashika nyuma kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine, anapandishwa mlima na mzigo wake bure. Basi mmoja akatushika. Skrini ikawaka yenyewe, king'ora kikalia, na hapo katikati ya dashibodi, kwa rangi safi kabisa, tukamwona: kijana wa kofia ya sufu, jino moja limevunjika, nyuma yake mkaa umefungwa hadi mabegani. Akaona kijitaa cha kamera. Akatabasamu. Gari likaamua kwamba tumefunga tela, likabadilisha gia, likaanza kukoroma. Shemeji akaminya kila kitufe alichokijua na vingine asivyovijua.

Mama akaisogelea skrini. "Mkwe wangu, huyu tunamvuta au anatusukuma?"

Shemeji hakujibu. Mkwe hajibiwi hivyo hivyo.

Njia nzima nilisoma kile kitabu, na pale kilipoishia shemeji aliendeleza kwa kichwa, maana amekesha akitazama video za Wamarekani. Huko, anasema, ndiko kwenye pikapu za kazi nzito hasa. Ford F-450 inavuta pauni 40,000, yaani kilo kama 18,000. Nikamwambia sawa, lakini sisi anayevuta uzito wa namna hiyo ni semi linalotoka Dar es Salaam kuingilia mpaka wa Kobero, na dereva wake haliiti pikapu wala halivalii miwani ya jua ya bei mbaya. Akahamia GMC. Sierra ya kazi nzito, ile ya bei ya juu kabisa, ina viti vya mbele vinavyomkanda mtu mgongo. Nilikaa nikaitafakari. Dereva kaketi tangu asubuhi, anakandwa. Mpakiaji aliyebeba magunia, mwenye mgongo unaouma kweli, huyo hana hata kiti.

Halafu kuna ule mlango wa nyuma. GMC hao hao, kwenye modeli za 2019, walileta mlango wa nyuma unaokunjika kwa namna sita, na namna mojawapo ni ngazi ya kupandia. Kwanza wameliinua gari mpaka watu hawalifikii. Kisha wakawauzia ngazi.

Ngazi hiyo niliikumbuka sana Muyinga, kwa sababu la shemeji halina. Wazee wetu walipakia Peugeot 404 ya turubai, bodi lake usawa wa kiuno. Gunia unalilaza tu, unalisukuma na goti. Hili la shemeji linanifika kifuani. Wapakiaji wawili wa sokoni walilitazama, wakatazamana, wakapandisha bei kabla ya kugusa gunia la kwanza. Na walipoanza kupanga ndipo ukweli wa dabo kebini ukajitokeza. Hilux ya kebini moja ina bodi la mita 2.3 hivi. Ya dabo kebini ni mita moja na nusu na ushee. Zile sentimita nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda kwangu, kwenye kiti cha nyuma, ili niwe na mahali pa kunyoosha miguu na tundu la kuchajia simu. Mimi sikuziomba. Toa tena nafasi ya mabidoni, na magunia yakagoma kuingia.

Mkuu wa wapakiaji akauliza kwa adabu, "Mzee, hii ni ya mzigo au ya harusi?"

Yaliyobaki tukayaingiza kebini. Gunia la kilo mia likaketi pembeni yangu juu ya ngozi, na shemeji akageuza uso asilione. Alipowasha tu gari, kengele. Abiria hajafunga mkanda. Mimi nimefunga, mama amefunga. Gari likasisitiza. Ikabidi mama ageuke, auvute mkanda, alifunge lile gunia la maharagwe vizuri kifuani, alipigepige begani, na gari likanyamaza likiwa limeridhika kwamba sasa sote tuko salama.

Furaha ile haikufika mbali. Skrini ikaandika kwa lugha ya kigeni kwamba kile kimiminika cha AdBlue kinakaribia kwisha, na kwamba baada ya kilomita kadhaa injini ikizimwa haitawaka tena. Siyo kwamba imeharibika. Ni nzima, ina mafuta, ina maji, ina kila kitu. Imekataa tu. Kwa asiyejua, AdBlue ni maji yaliyosafishwa yakachanganywa na urea, asilimia 32.5, inapulizwa kwenye bomba la moshi ili kupunguza hewa mbaya. Nia ni njema, sina neno. Watu wa mijini wapumue. Ila urea! Mkulima wa kwetu analipia mbolea mapema, anaisubiri msimu mzima, inafika mvua imeshapita, na sasa kumbe pikapu nayo imeingia kwenye foleni hiyo hiyo.

Tukasimama kwa fundi. Mtu mmoja pale, mwenye moyo wa kusaidia, akajitolea kwenda kuleta mbolea ya shambani tuikoroge kwenye ndoo. Fundi akamkatalia, na hapo nilimheshimu: ya shambani si safi, ingekwenda kuziba kule ndani, na kifaa chenyewe ni bei ya shamba. Fundi huyo ni mtu mzima, ametengeneza magari Muyinga tangu mimi nikivaa kaptula. Alifungua boneti, akakutana na lile bamba la plastiki linalofunika injini yote. Akalizunguka. Akainama, akachungulia pembeni. Alikuwa ameshika spana namba 14, akairudisha mfukoni. "Yampayinka," akasema. "Mzee, hapa hakuna pa kushika."

Alichotuonyesha badala yake ni Land Cruiser nyeupe kuukuu iliyokuwa imeegeshwa kwake, mlangoni bado kuna alama ya nembo ya shirika iliyobanduliwa. Hiyo akaifungua kwa upendo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza 1984, na hiyo ilikuwa na injini ya 1HZ, ya silinda sita, lita 4.2, iliyoanza 1990: dizeli isiyo na turbo, isiyo na kompyuta, isiyo na maoni. Mwaka 2023 Toyota waliisasisha 70 yao, wakairudishia taa za duara, wakaiwekea injini mpya ya lita 2.8 na gia za kujibadilisha. Lakini ile 1HZ hawakuitupa. Wanaendelea kuyauzia mashirika ya misaada, kupitia kampuni yao iliyoko Gibraltar, kwa ajili ya nchi kama zetu. Nilifurahi kusikia, kisha nikaudhika. Maana yake ni kwamba wanajua! Wanajua fika ni gari gani linafaa huku, wanalitengeneza mpaka leo, na ili ulipate jipya inabidi uwe na nembo mlangoni na vikao vya asubuhi.

Shemeji alikuwa amekwenda kumsubiri dereva wa semi la kisasa aliyesemekana ana galoni la AdBlue. Dereva alikuwa nalo kweli, na bei aliyoitaja nadhani aliihesabu kwa kuangalia viti vya ngozi. Tukalipa, tukamimina, na gari likakubali kuishi.

Mtu mwingine angejifunza kitu. Shemeji, huku fundi akinawa, akatoa simu kunionyesha gari atakalonunua baada ya hili. Novemba 2025 Toyota walizindua Hilux mpya, na safari hii ipo ya umeme mtupu, betri ya kilowati-saa 59.2. Haina mazutu, haina AdBlue, haina foleni. Nakiri nilisisimka. Kule Rusumo kuna maporomoko na mtambo wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Tanzania, na njia yake ya umeme ya upande wetu inakuja hadi kwetu Gitega. Nikajiona nachomeka gari Nyamugari usiku, naamka na tangi limejaa bila kumjua mtoto wa mtu. Umeme ukikatika tunalala, tumezoea.

"Inabeba kiasi gani?" nikauliza.

Shemeji akatelezesha kidole. Akatelezesha tena, polepole. Kama kilo 715, akasema. Na ya dizeli? Tani hivi. Kilo karibu mia tatu zimekwenda na betri.

"Magunia matatu," nikasema.

"Karibu," akasema.

Mama alikuwa kimya muda wote, ameketi mbele, mikono juu ya mkoba. Akashusha kioo.

"Mkwe wangu, wewe una kilo ngapi?"

Shemeji akacheka kidogo, akasema themanini na kitu, mama.

"Na huyu mwanangu?"

Nikasema tisini. Nilipunguza.

Mama akahesabu kwa midomo bila kutoa sauti, akaligeukia gunia lililofungwa mkanda kule nyuma, kisha akatutazama tena sisi wawili tuliosimama chini.

"Basi gunia moja tu ndilo litabaki," akasema. "Nyie mtakuja na baiskeli. Mkifika kwenye mlima, mnajua pa kushika."